Barua ya Kuomba kwa Kiingereza: Maneno ya Unyenyekevu na Mahali Pake

(Mazungumzo kwa makatibu wa vikundi vya akina mama na vijana)

Leo tuongee juu ya jambo linalotusumbua kila tunaposhika kalamu: maneno ya kuomba katika Kiingereza. Tunaomba karo, tunaomba bomba la maji, tunaomba mtoto arudishwe shule. Na mara nyingi barua zetu zinapiga magoti kabla ya kusema shida. "I humbly beg your good office to kindly..." Mstari wa tatu umefika na bado hatujajua mtoto ni nani, yuko darasa gani, anadaiwa pesa ngapi. Jamani, anayesoma ana rundo la barua mezani.

Tuchukue "beg". Sisi tunalitafsiri "omba", na kwetu kuomba si aibu, hata chumvi tunaomba kwa jirani. Lakini "beg" ni neno la mtu anayenyoosha mkono barabarani. Zamani katika barua za ofisi "I beg to" lilikuwa adabu tu, na Bungeni wabunge wanasema "I beg to move" wanapoleta hoja, wala hakuna anayelia. Katika barua ya basari, liacheni.

"Request" linatosha. Ila hapa wengi tunateleza: "I request for assistance." Kitenzi hiki hakitaki "for". Andika "I request assistance". Likiwa jina ndipo "for" inakuja: "my request for assistance". Basi, kwa mfano: "I request a bursary for my daughter. Her fees balance is 18,000 shillings." Sentensi mbili, na mkubwa ameelewa.

"Humble" limetoka kwa Kilatini, katika neno la udongo. Ukijiita hivyo umejishusha hadi chini. Mara moja katika barua si vibaya. Mara nne, hata msomaji anachoka.

Halafu kuna "beseech", "entreat" na "implore". "Beseech" ni ndugu ya "seek", yaani kutafuta, na wale wanaosoma Biblia ya King James ya 1611 wanalikuta katika Warumi 12, pale ambapo yetu ina "nawasihi". "Implore" lina machozi ndani yake, maana mzizi wake wa Kilatini ni kulia. Haya ni maneno ya hatari, ya mama anayemsihi mwizi asimguse mtoto. Ukiyaweka katika barua ya kuomba viti vya plastiki, watu watacheka.

Sasa tusimame kidogo kwa "plead", kwa sababu hapa mtu anaweza kuumia. Nyumbani "plead" ni kubembeleza: una-"plead with" mtu, "for" kitu. Kortini ni jambo lingine kabisa. Ukiulizwa "How do you plead?" hakuna anayekuambia uombe huruma. Unaulizwa kama unakubali shtaka au unakataa. Mtu akidhani ni wakati wa kuomba msamaha, aseme "nisameheni", anaweza kuonekana amekubali kosa ambalo hakufanya. Kama huelewi lugha inayotumiwa, sema hivyo wazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Tafadhali waambieni vijana wetu.

"Appeal" nalo lina njia mbili. "Appeal to" mwalimu mkuu ni kumsihi. "Appeal against" uamuzi ni kukata rufaa, na rufaa mara nyingi ina siku zake zilizohesabiwa. Ukichanganya, barua inaweza kuwekwa katika faili isiyo yake.

Na "pray"? Kortini, yale unayotaka upewe yanaitwa "prayers", hata kama hujafumba macho. Mfano rasmi wa ombi kwa Bunge pia una "humble" na "pray" ndani yake. Yaandikeni hivyo hivyo, hiyo ni nguo tu ya barua. Ndani ya nguo kuna haki: kifungu cha 119 kinasema kila mtu anaweza kupeleka ombi Bungeni. Wazee wetu walijua kazi hii. Mwaka wa 1929 Kikuyu Central Association ilimtuma Jomo Kenyatta hadi London kupeleka malalamiko ya ardhi.

Kwa hivyo kabla ya kuandika, ulizeni: hiki ni kitu cha hisani au ni haki yetu? Kikundi kikitaka kujua pesa za kisima zilitumikaje, hiyo si hisani. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, na hakuna ada ya kuwasilisha ombi. Tena ombi hilo linakubaliwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Sisi tungeandika kwa Kiswahili, kama ndicho kinachotutoka vizuri.

Wekeni tarehe, jina na sahihi. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Siku 21 zikipita, beba hiyo yenye muhuri.