Vyombo Vikiisha, Mafuta Yanasimama

Masomo ya kusoma nyumbani: 2 Wafalme 4:1-7 na Yohana 6:1-13

  Tuseme kwanza aksanti kwa Mungu aliyetuamsha. Tumelala, tumeamka, na pumzi bado iko ndani yetu.

Leo tunataka kuongea juu ya neno moja dogo. Sisi wakristo tunalisema mara nyingi kuliko tunavyofikiri. Neno lenyewe ni "hakuna". Jirani anauliza habari za kazi, tunajibu: hakuna. Franka? Hakuna. Unga? Hakuna. Hata mtu akituomba kuongoza maombi ya kikundi, tunajibu kwamba ndani yetu hakuna kitu, atafutwe mwingine aliyesoma.

Wapendwa, hatusemi uongo. Tunajua maisha ya hapa kwetu. Tunajua mwana anayefukuzwa masomoni kwa sababu ya minerval, na mama anayepika sombe bila mafuta. Lakini neno "hakuna" lina tabia moja mbaya. Ukilirudia kila siku, linafunika hata kile kidogo kilichopo, nawe unaacha kukiona.

Tumtazame mjane wa 2 Wafalme 4. Mume wake alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu aliyemcha Mungu. Akafa, akaacha deni. Sasa mwenye deni amekuja kuchukua watoto wake wawili wawe watumwa. Tusimame kidogo hapo. Nyumba ile ilikuwa ya watu wa Mungu, na deni liliingia. Kwa hiyo mtu asije akawaambia kwamba kila mwenye shida amekosa imani. Biblia yenyewe inatuonyesha mcha Mungu aliyekufa na deni.

Mama yule akamlilia Elisha. Elisha akamuuliza amfanyie nini, halafu akamuuliza ana kitu gani ndani ya nyumba. Akajibu jinsi tunavyojibu sisi: hana kitu chochote. Lakini kabla hajafunga kinywa akaongeza kwamba kuna chupa moja ya mafuta. Nabii hakushika ile "hakuna". Alishika kile kilichokuja nyuma yake. Akamtuma aende kwa majirani aazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache.

Sasa twende Yohana 6. Watu wapata elfu tano wana njaa. Andrea analeta habari ya kijana mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, na hapo hapo anaiharibu habari yake mwenyewe kwa kuuliza vitafaa nini kwa watu wengi hivyo. Yesu alifanya nini? Alichukua ile mikate na kushukuru. Tuangalie wakati aliposhukuru. Mikate ilikuwa bado mitano, na hakuna aliyekuwa ameshiba. Sisi tumezoea kungoja vikapu kumi na viwili vijae ndipo tulete shukrani madhabahuni na korali iimbe. Yesu alishukuru mbele ya kidogo, kisha akaanza kugawa.

Wapendwa, tuna ushuhuda, na ndani yake tuna aibu yetu pia. Mama mmoja wa kusanyiko letu ameturuhusu kuusimulia bila kutaja jina lake. Ni mjane mwenye watoto wanne. Alikuwa anakuja kwenye maombi ya Jumatano akiandika ombi lile lile kwenye karatasi: minerval, kodi ya nyumba, chakula. Baada ya miezi kadhaa, mmoja wetu akasimama akahubiri kwamba ukiona ombi halijibiwi, ujichunguze imani yako. Hakumtaja, lakini kila mtu alijua anasemwa nani. Jumatano iliyofuata mama yule hakuja.

Tukaenda kumtembelea, tukiwa na maharage kidogo na sabuni. Tulipofika tulimwomba msamaha, kwa sababu tulikuwa tumemwongezea mzigo badala ya kumsaidia kuubeba. Akalia, na sisi tukalia. Halafu mama mmoja wa timu yetu akamuuliza kwa upole: "Mama, humu ndani kuna nini?" Akajibu: "Hakuna kitu, mama. Munaona wenyewe."

Tuliona. Lakini tuliona pia meza ndogo kwenye kona, imefunikwa na kitambaa, na sahani zimepangwa juu yake. Chini ya kitambaa kulionekana mguu wa chuma. Ilikuwa mashini ya kushona, ile ya kukanyaga kwa miguu. Alijifunza kushona akiwa msichana, mbele ya kuolewa. Mkanda wake ulikatika mwaka ule mume wake alipougua, na tangu hapo ikawa meza ya sahani. Hakuwa ametuficha. Alikuwa ameacha kuiona.

Tulinunua mkanda na sindano. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya maharage tuliyobeba. Kwanza alishona mapazia ya jirani, halafu akaanza kurekebisha mashati meupe na nguo za bluu za wanafunzi wa kartiye. Kila alipomaliza kazi moja alisema aksanti Mungu kwa sauti, watoto wakisikia. Alituambia kwamba aksanti hiyo ndiyo iliyompa nguvu ya kukaa kwenye mashini siku ambazo hakuna mteja aliyekuja.

Kabla ya masomo kufunguliwa, mtu mmoja akamletea kazi ya nguo ishirini kwa siku kumi. Jibu la kwanza lililomtoka ni "siwezi". Aliogopa, kwa sababu hajawahi kushona zaidi ya tatu kwa wiki. Akaja kuomba pamoja nasi. Baada ya maombi akakaa, akahesabu kwa vidole: kukata saa ngapi, kushona saa ngapi, binti yake mkubwa atasaidia vifungo. Akarudi kwa yule mtu akamwambia ukweli: "Ishirini hazitaisha. Kumi na mbili nitakupa, na zitakuwa nzuri." Yule mtu akakubali. Zile kumi na mbili zilimaliza minerval ya muhula kwa watoto wawili kati ya wanne. Wale wawili wengine bado tunaomba, na likelemba ya akina mama inaendelea kusaidia. Tunasimulia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Turudi kwa mjane wa Elisha, kwa maana tunahitaji kuona mahali muujiza uliposimama. Alifunga mlango yeye na wanawe. Watoto wakamletea vyombo, yeye akamimina. Chombo kikajaa, kingine kikaja. Mwishoni akaomba kingine, mtoto akamwambia vimekwisha. Hapo mafuta yakasimama. Mungu hakuchoka, na ile chupa haikukauka yenyewe. Mafuta yalifika pale vyombo vilipofika.

Sisi tunajiuliza: tumeazima vyombo vingapi? Kijana anasema anataka kazi, lakini ameuliza mlango mmoja tu, akakataliwa, akarudi kulala. Mwimbaji anasema sauti yake haifai, na hajawahi kufika kwenye mazoezi mara tatu mfululizo. Baba anasema hawezi kusoma Biblia vizuri, na kwenye kanisa kuna darasa la kusoma kila Jumamosi ambalo anaona haya kuingia. Hivyo ni vyombo ambavyo havijaazimwa. Kujiamini kwa mkristo kunaanzia hapo. Hatujiamini kama watu ambao hawamhitaji Mungu. Tunaamini kwamba yeye aliyetupa chupa moja hakutupa bure, kwa hiyo tunatoka nje kutafuta vyombo.

Tena tuone kwamba vyombo vilitoka kwa majirani. Mama yule alipaswa kubisha hodi, mlango kwa mlango, akiwa mjane mwenye deni ambaye kila mtu anajua habari zake. Labda hilo lilikuwa gumu kwake kuliko kumimina. Wengi wetu mpaka wetu uko pale pale: haya ya kuomba msaada. Na majirani walioazimisha mabido yao matupu walipata sehemu katika muujiza bila kujua. Ndugu yako akikuomba chombo kitupu, mpe. Usimwulize kwanza imani yake.

Lakini tuseme na upande wa pili, tusije tukapotosha mtu. Kuna mpaka wa woga, na kuna mpaka wa mwili. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, na haukuondolewa. Alipewa neema ya kuishi nao. Kwa hiyo mgonjwa aliyepewa dawa lopitali azinywe mpaka zimalizike, na aombe akizinywa. Mama aliyejifungua juzi apumzike. Aliyechoka alale, hata Eliya alipochoka chini ya mti, malaika alimpa kwanza mkate na maji, akalala tena. Mama mshonaji wetu hakushona ishirini. Alishona kumi na mbili, na kumi na mbili zilikuwa mbali sana na zile tatu alizozoea.

Sisi wa Goma, Mungu ametupa mfano ambao tunaukanyaga kila siku. Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, Nyiragongo ilipasuka. Moto ulishuka, ukapita katikati ya mji mpaka ukaingia ziwa Kivu. Watu walikimbia kwa maelfu, wengi wakavuka kwenda Gisenyi na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Siku hiyo "hakuna" lilikuwa neno la kweli. Lakini baada ya siku chache watu walianza kurudi, mawe yakiwa bado na joto. Wakasimamisha nyumba za mbao juu ya jiwe jeusi. Wakachukua nyundo wakavunja jiwe lile lile, wakalipanga likawa msingi na uzio. Vijana wa chukudu wakabeba mbao, maji na makala juu ya njia ambazo hazikuwa njia tena. Na tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipowaka tena, tulikimbia tena, tukarudi tena.

Hatusemi kwamba watu wa Goma hawaogopi. Tunaogopa. Hatusemi pia kwamba kushukuru maana yake ni kunyamaza juu ya vita, njaa na maisha ya wakimbizi. Yule mjane alilia kwanza mbele ya nabii, na Mungu hakumkemea kwa kulia kwake. Tunasema tu kwamba jiwe lililochoma nyumba likawa msingi wa nyumba, kwa sababu kuna mtu aliyeliangalia akaona kitu cha kufanyia kazi.

Basi wapendwa, wiki hii tufanye mambo matatu. La kwanza, leo usiku kabla ya kulala, baba, mama na watoto mkae pamoja, kila mmoja ataje kitu kimoja kilichopo ndani ya nyumba au ndani ya mikono yake, na mshukuru Mungu kwa kitu hicho kikiwa bado kidogo. La pili, kila mmoja aazime chombo kimoja: abishe mlango mmoja aliokuwa anauogopa. La tatu, tumtembelee mtu mmoja aliyeacha kuja kwenye maombi. Tusiende kumchunguza. Twende na maharage, na tukae naye mpaka tuone pamoja kilicho chini ya kitambaa.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, aksanti kwa chupa moja uliyotuachia. Utusamehe kwa siku tulizosema hakuna wakati mkono wako ulikuwa umeweka kitu. Utusamehe kwa ndugu tuliowaumiza kwa maneno ya mahubiri yetu. Tupe miguu ya kwenda kwa majirani, na mikono isiyochoka kumimina. Uwaangalie wajane, yatima na wote waliokimbia nyumba zao. Na vyombo vyetu vitakapokwisha, tukukute hata hapo tukikushukuru. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.