Nakuachia Ndoo, Siri Yako Baki Nayo

Wanafunzi wa kidato cha nne wa shule moja ya bweni walitaka kuandika "wosia wa kuaga" na kuusoma siku ya mahafali yao. Walimu wakasita. Ndipo akaalikwa mshauri wa afya ya vijana aje kuzungumza nao. Haya ndiyo aliyowaambia.

Naona mmechoka na mitihani ya majaribio. Sitawapa mtihani mwingine. Leo tunazungumza habari ya kucheka.

Nimeambiwa mmepata wazo kutoka Marekani. Ni kweli, huko ni desturi ya zamani. Wanafunzi wanaomaliza shule ya sekondari, yaani darasa la 12, huandika wosia wa mzaha. Wanaanza kwa maneno mazito kama ya wakili: mimi fulani, mwenye akili timamu na afya njema, nawaachia wafuatao mali yangu. Halafu mali yenyewe sasa! Mmoja anamwachia mdogo wake kabati la shule lisilofunga. Mwingine anaacha nafasi yake ya kuegesha gari, maana kule kijana wa miaka 16 anaweza kuwa na leseni. Mchezaji anaacha namba ya jezi. Mvivu anaacha kiti cha nyuma karibu na dirisha.

Zamani wosia huo ulisomwa kwa sauti katika siku maalum ya darasa, pamoja na historia ya darasa na utabiri wa nani atakuwa nani. Baadaye ukawa unachapwa katika kitabu cha mwaka au gazeti la shule.

Sasa msidhani ni Wamarekani waliogundua mzaha huu. Kuna wosia wa Kilatini wa enzi za Dola ya Roma ambao mwenye kuusia ni nguruwe. (Kicheko.) Ndiyo, nguruwe! Mpishi amekuja na kisu, naye anaomba apewe muda kidogo aandike wosia. Anawaachia washona viatu manyoya yake magumu. Wanasheria na wasemaji wengi anawaachia ulimi. Watoto wa kiume anawaachia kibofu. Jerome, mwanazuoni Mkristo aliyefariki mwaka 420, ameandika kwamba watoto wa shule walikuwa wakiukariri huku wakicheka. Kwa hiyo mwanafunzi kucheka wosia ni jambo la miaka zaidi ya 1600.

KWA NINI TUNACHEKA TUNAPOAGANA?

Kwa sababu kuagana kunauma, jamani. Miaka minne mmelala chumba kimoja, mmekula ugali na maharage ya sufuria moja, mmeogopa mwalimu yule yule. Baada ya mtihani kila mtu anashika basi lake. Wengine hamtaonana tena. Mtu akibeba huzuni ya namna hiyo bila kuisema, inamkalia kifuani.

Mzaha unasaidia kuitoa. Hasa nyinyi wavulana. Ni wangapi hapa wanaweza kumwambia rafiki yake, "Nitakukumbuka sana"? Mnaona aibu. Lakini ukisema, "Namwachia rafiki yangu wa kitanda cha chini amani na utulivu, kwa kuwa sasa hakuna atakayemkanyaga usiku akishuka kwenda chooni," kila mtu anacheka, na yeye mwenyewe anaelewa kwamba unampenda. Huo ni mzaha wenye afya.

Na walimu je? Wapeni haki yao. "Mwalimu wa hisabati namrudishia x yake. Nimeitafuta miaka minne, sijaiona." "Wadogo zangu wa kidato cha kwanza nawaachia mawe yote niliyoyaokota kwenye maharage, wajengee uzio." "Matron namwachia masikio yangu, kwa sababu kila alfajiri alilalamika kwamba sina." Naona hata matron anacheka. Mzaha wa hivyo ukisomwa mbele ya wazazi, hakuna anayeinama.

HUWEZI KURITHISHA KISICHO CHAKO

Sasa tufike penyewe. Wosia wa kweli, ule wa mali, una sharti moja ambalo kila mtu analijua: unaacha kilicho chako. Huwezi kuandika, "Mwanangu namwachia shamba la jirani." Watakucheka mahakamani.

Mkumbuke yule nguruwe. Manyoya aliyotoa yalikuwa yake. Ulimi ulikuwa wake. Alijicheka mwenyewe. Na ile mizaha niliyoitaja ni hivyo hivyo: masikio yangu, x iliyonishinda mimi, mawe niliyookota mimi.

Lakini wosia wa darasa ukiharibika, huharibika kwa njia moja. Mtu anaanza kugawa vitu vya wenzake. Nitaje vitatu.

Kwanza, mwili wa mwenzako. "Namwachia fulani sabuni." "Fulani namwachia mashine ya kusagia unga, labda atanenepa." "Yule namwachia cream ya chunusi." Wewe utasahau kesho. Yeye atakwenda na neno hilo nyumbani, na kila akijitazama kwenye kioo atalisikia. Mwili unaokua una harufu, una chunusi, una urefu na ufupi wake. Hakuna aliyeuomba.

Pili, mapenzi ya mwenzako. Nani alimwandikia nani barua, nani aliachwa na nani. Hayo ni ya watu wawili. Wewe wa tatu umeyapata wapi mpaka uyarithishe?

Tatu, siri ya mwenzako, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Tuseme kuna binti darasani aliyejifungua akarudi shule. Tangu Novemba 2021 Tanzania imeruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi kwenye masomo. Amepigana mpaka amefika kidato cha nne. Siku ya mahafali mtu anasoma, "Fulani namwachia nepi." Ukumbi unaangua kicheko. Miaka yote ile ya kujikaza inaishia kwenye neno moja.

Au tuseme kuna kijana ambaye saa yake hulia kila siku saa tatu usiku. Mnamtania kwa saa hiyo. Mtu anaandika, "Namwachia kengele ya saa tatu." Hajataja ugonjwa wowote. Lakini kama saa ile ilikuwa ya kumkumbusha kumeza ARV, mzazi mmoja pale ukumbini atajiuliza, na wa pili atajiuliza, na kabla ya soda kuisha habari imeshatoka. Kijana huyo ana haki ya kuchagua nani ajue na lini. Umemnyang'anya mbele ya watu.

"LAKINI HATUTAJI JINA!"

Najua mtaniambia hivyo. Basi nisikilizeni kisa kingine cha kulekule Marekani. Mwaka 1983, katika shule ya sekondari ya Hazelwood East, jimbo la Missouri, wanafunzi waliandaa gazeti la shule. Moja ya habari zao ilihusu wasichana watatu wa shuleni hapo waliopata mimba. Majina yao yalikuwa yamebadilishwa. Hata hivyo mkuu wa shule aliziondoa kurasa hizo kabla ya kuchapwa. Moja ya sababu zake ilikuwa kwamba wenzao wangewatambua tu.

Wanafunzi walikwenda mahakamani. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1988 mahakama ikaamua kwamba shule ina mamlaka ya kuhariri gazeti linaloendeshwa na shule. Uamuzi huo unabishaniwa hadi leo, kwa sababu wapo wanaoona unawaziba wanafunzi midomo. Mimi sikuja kuwaomba walimu wenu wawafutie kila mstari. Vijana mnatakiwa muandike, tena muandike mambo mazito.

Ila hofu ile ya kutambulika ilikuwa ya kweli. Shule ni kijiji. Ukisema "yule wa bweni la pili mwenye begi jekundu," umeshamtaja jina na ukoo. Na siku hizi karatasi haibaki ukumbini. Mtu anapiga picha kwa simu, anaituma kwenye kundi la WhatsApp, na jioni ile ile shangazi wa huyo binti aliyeko mkoa mwingine ameisoma.

Ndiyo maana baadhi ya shule za Marekani ziliacha kabisa kuchapa wosia wa namna hii. Nyingine zinataka mwalimu ausome kwanza. Kilichoharibu ni watu waliotumia kicheko kufichia kisu.

KIPIMO NI HIKI

Kabla hujausoma ukumbini, mfuate mwenye kutajwa, mkiwa wawili tu. Msomee mstari wake. Akicheka mpaka macho yanacheka, endelea. Akicheka meno tu huku macho yameganda, futa. Akinyamaza, futa. Akisema "poa tu, sijali" huku anatazama chini, futa pia. Usimwambie "wewe hujui utani." Hata watani wa jadi, Mnyamwezi na Mzaramo, wana mipaka yao.

KUNA MSTARI USIO MZAHA

Hapa sicheki. Wakati mwingine mwanafunzi anaweka ndani ya mzaha jambo ambalo hakuweza kulisema mahali pengine. Tuseme mtu anaandika, "Wadada wa kidato cha pili nawaachia ushauri: msipeleke madaftari peke yenu nyumbani kwa mwalimu fulani." Watu wanacheka. Wanapiga makofi. Wazazi wanakunywa soda. Mwalimu anabaki, na dada wa kidato cha pili wanabaki naye.

Huo si mzaha. Hiyo ni taarifa, na taarifa inapelekwa kwa mtu anayeweza kuchukua hatua. Mwambie mwalimu wa malezi, au matron, au mzazi, au mtu mzima unayemwamini. Asipokusikiliza, mwambie mwingine. Unaweza pia kupiga namba 116, huduma ya simu kwa mtoto. Haina malipo. Fanya hivyo kabla ya kuondoka. Na kama yaliyotokea yalikupata wewe, elewa kwamba kosa si lako, na hujachelewa kusema.

Uonevu wa bwenini nao ni hivyo hivyo. Ulipokuwa njuka, kaka wa kidato cha nne alikufulisha nguo zake usiku wa baridi. Ukaapa na wewe ukifika utalipiza. Umelipiza kwa nani? Kwa mtoto mwingine ambaye wakati ule alikuwa shule ya msingi, hajui lolote. Urithi wa namna hiyo ukatae. Ukufie mkononi.

BASI TUWAACHIE NINI?

Katika Kiswahili chetu wosia si mali peke yake. Wosia ni maneno ya mtu anayeondoka kwa yule anayebaki. Mwaka 1858 hivi, huko upande wa Lamu, Mwana Kupona aliugua akamtungia binti yake utenzi wa kumuusia. Yeye alikufa, maneno yake tunayasoma hadi leo.

Kwa hiyo chekeni, halafu acheni na kitu. Dada unayeondoka, mtafute mdogo wako mmoja wa kidato cha kwanza. Mwachie ndoo, na ndani yake pakiti ya pedi. Mweleze hedhi ikimkuta darasani afanye nini, amwone nani, na kwamba si ugonjwa wala aibu. Kaka, mwachie mdogo wako madaftari yako ya fizikia. Mwambie pia yale ambayo wewe ulijifunza kwa kuhangaika mwenyewe: kwamba ndoto nyevu ni jambo la kawaida, kwamba kutofanya mapenzi si udhaifu, kwamba mvulana akilia hajapungukiwa kitu. Yote hayo ni mali yako halali. Uliyapata kwa jasho lako, na ukiyatoa hayapungui.

Nimeongea sana, na kengele ya chakula imegonga. Nendeni mkaandike. Siku ya mahafali nikialikwa nitakuja, na ninategemea kucheka mpaka mbavu ziume.

JADILIANENI KLABUNI

1. Andika mstari mmoja wa kumwaga rafiki ambao unakucheka wewe mwenyewe, si yeye. Someaneni.

2. Rafiki yako ameandika mzaha unaogusa siri ya mwenzenu, naye anasema "ni utani tu." Utamwambia nini?

3. Ni jambo gani la afya ambalo ulitamani mtu angekueleza ulipoingia kidato cha kwanza? Nani utamwachia?