Joto Katika Banda: Ziba Kwanza, Washa Baadaye

(Mazungumzo kwa wananchi wa Kagoma, Mkoa wa Kagera)



Mada yetu ya leo yahusu lile banda dogo lililo nyuma ya nyumba, ambalo wengi wenu mmelifanya karakana, ghala na, zaidi ya yote, mahali pa kulelea vifaranga. Banda hilo lahitaji joto, na joto hununuliwa kwa fedha, ama kwa uniti za umeme ama kwa gunia la mkaa. Kwa hiyo mwenye banda ni mlaji kama walaji wengine, na ana haki ya kukijua anachokilipia. Isitoshe, joto lililotafutwa kwa njia mbaya huweza kuondoa uhai wa mtu.

Tuanze na banda lenyewe. Mabanda mengi siku hizi yameezekwa kwa bati. Bati halizuii joto. Mchana huchoma, na jua likitua hupoa upesi. Katika mvua za Machi hadi Mei unyevu nao huongeza ubaridi. Wazee wetu walilielewa jambo hili. Msonge wa Kihaya uliezekwa kwa nyasi nene tangu kileleni hadi karibu na ardhi, na sakafuni zikatandazwa nyasi kavu. Nyasi hushika hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Hiyo ndiyo kanuni ya vizuia joto vingi, viwe vya bei kubwa dukani au vya bure shambani.

Kuziba

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Zibeni nyufa za ukuta kwa udongo au saruji. Ikiwa ufa ni mpana, au ulitokana na mtetemeko wa ardhi wa tarehe 10 Septemba 2016, mwiteni fundi aukague ukuta kabla ya kuupaka chochote, kwa maana lipu huficha udhaifu lakini haiuondoi.

Chini ya bati wekeni dari ya mikeka, majamvi au mbao nyembamba, mkiacha nafasi ya hewa kati yake na bati. Sakafuni mwageni maranda makavu ya mbao au pumba za mpunga, unene wa kiganja kimoja, na mbadilishe yakilowa. Msitumie vipande vya magodoro ya sponji wala maboksi meupe ya plastiki nyepesi kuwa kizuia joto karibu na taa au jiko. Vitu hivyo hushika moto upesi na moshi wake una sumu.

Hata hivyo, msizibe kila tundu. Acheni matundu ya hewa juu ya ukuta, karibu na paa. Upepo unaopiga sakafuni ndio unaodhuru vifaranga. Hewa inayotoka juu huondoa unyevu na gesi chafu.

Gharama ya umeme

Kifaranga cha siku moja huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, nanyi hulipunguza kwa takriban nyuzi 3 kila wiki. Taa ya joto ya wati 250 ikiwaka saa 24 hutumia uniti 6 kwa siku. Kwa siku 21 ni uniti 126. Mteja wa matumizi madogo, yaani wa kundi la D1, hupata bei nafuu kwa uniti 75 za mwanzo za mwezi. Hivyo taa moja yatosha kumvusha kikomo hicho, kabla hajahesabu matumizi ya nyumbani.

Tazameni sasa faida ya kuziba. Banda linalotunza joto huweza kuwashiwa taa mchana na usiku kwa wiki ya kwanza, yaani uniti 42, kisha usiku pekee, saa 12, kwa wiki mbili zinazofuata, yaani uniti 42 nyingine. Jumla ni uniti 84. Theluthi moja ya gharama imeokolewa.

Kipimajoto ni kizuri, lakini vifaranga wenyewe ni kipimo. Wakijikusanya chini ya taa, wana baridi. Wakiikimbia na kuhema, joto limezidi. Wakitawanyika sawasawa ndani ya kinengunengu, wametulia.

Unaponunua na unapofunga umeme

Kumbukeni kwamba taa za LED zinazosifiwa kwa kuokoa umeme hutoa joto dogo mno. Hazifai kwa kazi hii. Ulizeni dukani, na mpokee risiti. Kwenye nyaya na soketi tafuteni alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Msivute umeme bandani kwa ekstensheni iliyopita juu ya majani au kwenye maji. Mtafuteni fundi mwenye leseni ya EWURA, nanyi mnayo haki ya kumwomba awaonyeshe leseni hiyo. Taa itundikwe kwa mnyororo, si kwa waya wake wa umeme, na iwe mbali na maranda.

Mkaa

Umeme ukikatika, wengi hukimbilia jiko la mkaa. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Mkaa uwakapo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mkaa uliokwisha kutoa moshi, ulio mwekundu na mzuri kwa macho, bado huitoa. Kwa hiyo mtu yeyote, awe mtoto au mlinzi wa vifaranga, asilale kamwe katika banda lenye jiko linalowaka. Jiko liwekwe juu ya matofali, lizungushiwe wavu, na matundu ya juu yawe wazi.

Dalili za sumu hiyo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Mtu akizipata, mtoeni nje penye hewa safi mara moja na mpelekeni kituo cha afya. Anayeingia kumwokoa afungue mlango wote kwanza, wala asikawie ndani.

Ndugu wananchi, kabla hamjaagiza vifaranga, ingieni bandani usiku mmoja, mfunge mlango, na mkononi mwashe mshumaa. Pale mwali unapoyumba karibu na sakafu ndipo fedha zenu zitakapotokea. Pazibeni kwanza, ndipo mnunue taa.