Asilimia 85 si Alama ya Kufaulu



Katika kituo cha mpaka cha Holili, pale ambapo barabara itokayo Moshi kupitia Himo huvuka kuelekea Taveta nchini Kenya, ofisa wa forodha haridhiki na hati peke yake. Huisoma hati, kisha huutazama mzigo wenyewe; na viwili hivyo visipopatana, gari halipiti mpaka sababu ijulikane. Kituo cha pamoja cha nchi hizo mbili, kilichozinduliwa mwaka 2016, kililetwa ili kuharakisha safari, lakini hakikumwondolea ofisa wajibu wa kuangalia.

Desturi hiyo yafaa sana kuigwa na walinzi wengine wa taifa, yaani wauguzi na matabibu, kila wanapokivalisha kidole cha mgonjwa kile kifaa kidogo mfano wa kibanio cha nguo, kiitwacho oksimita. Kifaa hicho nacho hutoa hati yake: namba moja ya asilimia ya oksijeni katika damu, na nyingine ya mapigo ya moyo. Kuuliza kama kifaa kipo hakutoshi. Hapana budi kuuliza pia kama anayekisoma anajua maana ya kilichoandikwa.

Kazi ya kifaa hiki si uchawi. Damu iliyobeba oksijeni ya kutosha ni nyekundu ya kung'aa. Iliyopungukiwa huwa nyekundu ya giza. Kifaa hupitisha kidoleni mwanga mwekundu na mwanga mwingine usioonekana kwa macho, kisha hupima ni kiasi gani cha kila mmoja kimemezwa na damu inayodunda. Njia hii ilitangazwa mwaka 1974 na mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi. Bila kifaa hicho, na bila kuchukua damu ya mgonjwa na kuipeleka maabara, mganga hubaki kutegemea macho yake, akitafuta rangi ya bluu katika midomo na ulimi. Dalili hiyo huja kwa kuchelewa, na kwa mtu mwenye ngozi nyeusi ni ngumu zaidi kuitambua.

Kosa la kwanza la wasomaji wa namba hiyo lina asili yake shuleni. Mtu aliyekua akihesabu alama za mtihani amezoea kuamini kwamba 85 kwa 100 ni ushindi wa kupigiwa makofi. Katika damu, 85 ni kengele ya hatari. Mtu mwenye afya njema katika tambarare za Moshi na Holili hutarajiwa kusoma kati ya 95 na 100. Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba mtoto mwenye nimonia ambaye kipimo chake kiko chini ya 90 apewe oksijeni na apelekwe hospitali. Tena namba hii haishuki kwa mwendo mmoja. Juu ya 90, mapafu yaweza kudhoofika sana na namba ikapungua kidogo tu. Chini ya hapo, udhaifu mdogo ukiongezeka, namba huporomoka kama jiwe kwenye mteremko.

Chukua mfano wa mama anayefika zahanati jioni, mbali na hospitali, mgongoni akiwa na mtoto anayehema kwa haraka. Kifaa kinaonyesha 87. Muuguzi anayesoma namba hiyo kama alama ya mtihani atatoa dawa na kumwambia mama arudi kesho. Muuguzi anayejua maana yake atamwekea mtoto oksijeni kama ipo, na atatafuta gari usiku huo huo. Kifaa ni kile kile na mtoto ni yule yule. Kilichoamua ni elimu ya msomaji.

Mlima Kilimanjaro wenyewe ni mwalimu mzuri wa jambo hili. Katika kilele chake, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa umebaki karibu nusu ya ule wa pwani. Mpandaji mlima aweza kusoma chini ya 85 huko juu na bado akazungumza, ingawa hata yeye hayuko salama iwapo kichwa kinamgonga na miguu inapepesuka. Mtoto anayesoma hivyo hivyo Holili hana mlima wa kusingizia. Maradhi ndiyo yaliyomnyang'anya hewa. Na hapa pana jambo la kutafakari. Waongozaji wengi wa watalii hupima vidole vya wageni wao mlimani kila siku, na wamefunzwa ni lini mgeni ateremshwe. Ni haki gani basi itakayomnyima mtoto wa mkulima, huko chini mlimani, uangalizi anaopewa mtalii kule juu?

Kosa la pili ni kuiamini hati bila kuutazama mzigo. Kidole chenye baridi, mtoto anayetapatapa, rangi ya kucha au hina nyeusi, vyote huweza kukipotosha kifaa. Kwa hiyo muuguzi makini hupasha kidole joto, hungoja namba itulie, kisha huhesabu mapigo ya moyo kwa mkono wake. Yasipolingana na yale ya kifaa, haiamini namba ya oksijeni. Huko migombani penye baridi, jiko la mkaa likiwekwa ndani ya chumba kilichofungwa, gesi yake ya sumu hushika damu mahali pa oksijeni, na kifaa huihesabu kana kwamba ni oksijeni. Mgonjwa aweza kusoma 98 huku anakufa. Vivyo hivyo mtoto ambaye malaria imemmalizia damu: ile kidogo iliyosalia yaweza kuwa imejaa oksijeni, na namba ikapendeza, ilhali mwili unalia njaa. Hata rangi ya ngozi ina neno lake. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa kilishindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya ilivyokuwa kwa weupe. Basi namba ya 92 kwa Mwafrika isipokelewe kwa usingizi.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. La hasha. Katika hospitali 5 za Papua New Guinea, nchi isiyo tajiri, wafanyakazi walipewa vifaa hivi pamoja na mashine za oksijeni, wakafundishwa kuvitumia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba hatari ya mtoto kufa kwa nimonia ilipungua kwa asilimia 35. Na hapa Tanzania, Ifakara ilikuwa miongoni mwa miji 8 duniani ambako orodha ya usalama wa upasuaji ilijaribiwa, na matokeo yake kutolewa mwaka 2009. Moja ya mambo yanayoulizwa katika orodha hiyo kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi ni kama oksimita imevalishwa na inafanya kazi. Kwa ujumla wa miji hiyo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Si haki kumtwika muuguzi lawama zote. Aliyepewa kifaa bila betri, bila kibanio cha kidole cha mtoto mchanga, na bila hata siku moja ya mafunzo, amepewa pambo. Na anayeisoma 82 kwa usahihi huku mtungi wa oksijeni ni mtupu, amepewa uchungu. Tangu mwaka 2017 oksijeni imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya wagonjwa wa aina hii. Yapasa ihesabiwe na kuagizwa kama dawa.

Lakini elimu haina sababu ya kungoja meli. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza. Ikiwa mkulima aliweza kufundishwa chini ya mwembe jinsi ya kujikinga na malaria, mfanyakazi wa afya aweza kufundishwa wodini, kwa Kiswahili, maana ya namba moja. Karatasi moja ukutani yatosha kuanzia: 95 na zaidi, endelea kumwangalia mgonjwa, 90 hadi 94, chunguza na upime tena, chini ya 90, oksijeni sasa na rufaa sasa. Chini yake yaandikwe maneno haya: mgonjwa akionekana vibaya, muamini mgonjwa kuliko namba.

Ofisa wa Holili akikosea kusoma hati, serikali hupoteza ushuru, na ushuru waweza kudaiwa kesho. Muuguzi akikosea kusoma namba ya kidoleni, kinachovuka mpaka hakirudi tena.