Hofu ya Mwanafunzi Mbele ya Hadhira

Mwanafunzi aitwapo jina katika mdahalo wa shule, akainuka na karatasi inayomtetemeka mkononi hata herufi zikamchezea machoni, mate yamemkauka na moyo wamwenda mbio, huyo hana maradhi wala si mjinga; ni mwili wake uliomwaga homoni ya adrenalini katika damu, kama umwagavyo kwa mtu aliyekutana na simba, ilhali mbele yake wapo wenzake tu, na wengi wao, bila shaka, wanaomba zamu yao isifike.

Hata Demosthenes, khatibu mashuhuri wa Athens katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alichekwa na umati siku zake za mwanzo. Na mwandishi wa kale Plutarch asimulia kwamba alijizoeza kwa kunena na vijiwe kinywani. Vijiwe sikuusieni. Nakuusieni pumzi: kabla ya kuinuka, vuta hewa taratibu kwa pua, kisha itoe polepole zaidi kuliko ulivyoivuta, maana kutoa pumzi kwa utulivu hupunguza mwendo wa moyo. Tena usihifadhi hotuba nzima kwa ghibu, kwani neno moja likitoroka huenda likafuatwa na yote. Hifadhi sentensi ya kwanza, kisha andika hoja chache kwa herufi kubwa, ukazinene kwa sauti nyumbani mbele ya ndugu zako, nao wacheke wakitaka.

Nanyi walimu, tafadhalini, msiliruhusu darasa kumzomea anayekwama.