Shahidi wa Pili: Juu ya Kufuta katika Kuzidisha Matriksi



Kosa nitakalolizungumza leo nimeliona ubaoni mara nyingi, hata nikaacha kulihesabu kuwa ni la uzembe. Mwanafunzi huandika AB = AC, akazipiga mstari A zote mbili, akahitimisha kwamba B ni sawa na C; na mkono uliofanya hivyo ni mkono mtiifu, kwani tangu madarasa ya chini uliambiwa kwamba kilicho sawa pande zote mbili hufutwa. Ruhusa hiyo ni ya kale. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, aliitia katika jina lenyewe la kitabu chake cha aljebra, akaiita mukabala, yaani kuondoa pande mbili kiasi kilicho sawa. Lakini mukabala ni elimu ya kutoa, na kutoa hakujatuhini kamwe: katika AB = AC twapata kwa haki kabisa A(B − C) = 0. Hapo ndipo njia inapokatika, maana katika namba za kawaida zao haliwi sifuri ila kimojawapo cha vilivyozidishwa kiwe sifuri, na katika matriksi sharti hilo halipo.

Natwende dukani. Kilo ya sukari ni shilingi 3,000, ya unga 2,000. Bibi mmoja amenunua kilo 2 za sukari na 3 za unga; jirani yake amechukua kilo 4 za sukari, unga hakuugusa. Kila mmoja amelipa 12,000, na mwenye duka, akifungua daftari lake usiku, hawezi kwa fedha hizo peke yake kujua nani alibeba nini. Ahitaji shahidi wa pili. Akimwita muuzaji wa mtaa wa pili, ambaye bei zake zote ni maradufu, huyo atasema kila kikapu ni 24,000, na ushahidi wake utakuwa mwangwi wa ule wa kwanza. Ziandikeni bei hizo kwa maelfu, 3 na 2 juu, 6 na 4 chini, nayo ndiyo A yetu, vikapu viwili vikiwa B na C: ditaminanti yake ni 3 × 4 kutoa 2 × 6, yaani sifuri. Tofauti baina ya vikapu viwili imepita ndani ya matriksi hiyo ikafia humo pasi na alama, wala hakuna kalamu ya kuifufua.

Wapo wasemao kwamba ila hii yatokana na AB kutokuwa sawa na BA. Siafiki, na nawasihi nanyi msiafiki. William Rowan Hamilton, alipozivumbua kwatanioni huko Dublin mwaka 1843, alipata namba ambazo mpangilio wake hauwezi kugeuzwa ovyo, na bado zafutika barabara, maadamu inayofutwa si sifuri. Tazameni kisha uso wa saa, ambamo kuzidisha hakujali nani ametangulia: 4 mara 1 ni 4, na 4 mara 4, ambayo ni 16, yarejea pale pale kwenye 4; nani atathubutu kuifuta 4 na kudai kwamba saa 1 ndiyo saa 4? Kilichoharibu ni upotevu, si mpangilio. Naye Arthur Cayley, katika risala yake ya mwaka 1858 juu ya matriksi, alikwisha kubainisha kwamba zao la matriksi mbili laweza kuwa sifuri ilhali hakuna kati yao iliyo sifuri.

Sasa mwondoeni muuzaji yule, mwiteni mwenye mizani. Safu ya chini iwe 1 na 1, kwa kuwa yeye hupima uzito tu. Ditaminanti ni 3 kutoa 2, yaani 1, na hapo A yafutika. Aseme: kikapu hiki kimelipiwa 12,000, na uzito wake ni kilo 5. Kama kilo zote 5 zingekuwa unga, fedha zingekuwa 10,000; zimezidi 2,000, na kila kilo ya sukari huzidisha 1,000. Sukari, basi, ni kilo 2, na unga ni kilo 3.