Ndani ya Namba 61,741,120: Mada kwa Walimu wa Hisabati, Tosamaganga



Namba ninayoileta mbele yenu hapa Tosamaganga si ngeni: 61,741,120, idadi ya Watanzania katika Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022. Bara watu 59,851,347, Zanzibar 1,889,773. Tunaitaja kwenye hotuba na kwenye bajeti. Naomba leo tuifungue tuone imejengwa kwa namba tasa zipi, kwa kalamu na karatasi tu.

Mwanzo ni mwepesi. Sifuri ya mwisho inatupa 10. Tukizidi kugawa kwa 2 hadi tufike kwenye namba witiri, inabaki 192,941. Jumla ya tarakimu zake ni 26, kwa hiyo 3 haiingii. 7 inaingia mara 27,563 bila baki. Hapa ndipo mwanafunzi hukata tamaa, maana 27,563 inakataa 7, inakataa 11, 13, 17, inakataa zote hadi 41. Mwalimu asikimbilie kutoa jibu. Amkumbushe kwamba kipeuo cha pili cha 27,563 kinazidi 166 kidogo tu, hivyo kujaribu kuna mwisho. Inayofuata ni 43, na 43 × 641 = 27,563.

Je, 641 ni tasa? Kipeuo chake cha pili hakifiki 26. Tunajaribu namba tasa tisa, kuanzia 2 hadi 23, na zote zinaacha baki. Basi:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Vigawo vyake vyote ni 7 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 112.

Hiyo 641 ina historia kubwa. Fermat alidhani kwamba mfuatano wa 3, 5, 17, 257, 65,537, ambapo kila namba ni 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 ukiongeza 1, utaendelea kutoa namba tasa daima. Mwaka 1732 Euler alionyesha kuwa inayofuata, 4,294,967,297, inagawanyika kwa 641. Tena 2⁶ × 5 ni 320, nusu ya 640. Kwa hiyo 320 × 641 ni jumla ya namba zote kuanzia 1 hadi 640. Zidisha jumla hiyo kwa 301, unapata Watanzania wote waliohesabiwa. Mimi sijaona mfano wa darasani mzuri kuliko huu.

Lakini tusiwadanganye watoto kwamba namba hii inabashiri lolote kuhusu taifa. Angehesabiwa mtu mmoja zaidi, 2, 5, 7, 43 na 641 zingetoweka zote kwa pamoja, kwa sababu namba mbili zinazofuatana hazishiriki kigawo chochote isipokuwa 1.

Mkoa wetu wa Iringa ulihesabiwa watu 1,192,728. Wapeni wanafunzi wenu namba hiyo wiki hii, na wakifika 49,697 msiwaruhusu kuacha.